Nimepewa kiti kikaoni, lakini sina kauli

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina umri wa miaka 41, na ninaishi katika kijiji kimoja mkoani Morogoro ambako tunalima mpunga wakati wa masika na mboga wakati wa kiangazi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 nilichaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji kupitia viti maalumu vya wanawake. Tuko wajumbe 25, na kati yetu wanawake ni wanane. Siku matokeo yalipotangazwa, wanawake wenzangu walinisindikiza hadi nyumbani kwa nyimbo na vigelegele, nami nikawaahidi mbele ya watoto wangu kwamba yao nitayafikisha panapohusika. Leo ninakuandikia kwa sababu ahadi ile inaninyima usingizi.

Shangazi, nikiingia kikaoni sauti inanipotea. Si kwamba sina la kusema, kwani usiku wa kuamkia kikao huwa ninalala nikiyapanga maneno yangu moja baada ya jingine, na asubuhi nikiwa jikoni ninayarudia peke yangu hadi watoto wananiuliza ninazungumza na nani. Lakini mwenyekiti akishafungua kikao, koo linanikauka na mikono inaanza kutetemeka. Basi ninasubiri agenda ya mwisho, ile ya Mengineyo, nikijipa moyo kwamba hapo nitapata nafasi. Tunapoifikia, watu wamekwisha kuchoka, wengine wamesimama mlangoni wakitazama baiskeli zao, na mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno huku anafunga daftari.

Miezi miwili iliyopita lililetwa kikaoni suala la bonde letu la kando ya mto. Kuna mtu kutoka nje ya kijiji anayeomba apewe ekari 60 alime miwa, naye ameahidi kutujengea darasa moja la shule. Bonde hilo ndilo tunalolima mchicha, bamia na nyanya chungu mvua zikikatika, na ziko nyumba nyingi, hasa za wajane na za vijana walioanza maisha, ambazo hazina shamba jingine. Siku hiyo nilijikaza nikasimama. Nilisema kwamba kabla ya kutoa jibu tuhesabu kwanza ni kaya ngapi zinakula kutokana na bonde lile. Sikumaliza sentensi ya pili, mwenyekiti akaniambia, "Mama, kaa, tumekuelewa." Haikupita robo saa, mjumbe mwenzangu mwanaume akasimama akasema neno lile lile, kwamba kaya zihesabiwe kwanza. Wote wakatikisa vichwa kukubali. Muhtasari uliposomwa kikao kilichofuata, jina lililoandikwa lilikuwa lake.

Niliumia sana. Katika kikao hicho hicho niliamua kusema kwa ukali, lakini ukali ukageuka kilio mbele ya watu wote. Pakawa kimya, kisha mjumbe mmoja akasema kwamba suala la ardhi linataka akili tulivu, si machozi. Nyumbani mume wangu, ambaye si mtu mbaya, aliniambia nikae kimya mwaka mzima nijifunze kwanza. Baba yake mdogo alikuja jioni akanikumbusha kwamba sikio halipiti kichwa.

Kinachonishangaza ni kwamba kwenye kikundi chetu cha hisa mimi ndiye mwenyekiti kwa mwaka wa sita sasa, tukiwa wanawake 28, na huko sijawahi kukosa neno. Rafiki yangu mmoja amenishauri niende mjini nikalipie mafunzo ya kuzungumza mbele ya watu. Mwingine anasema nijiuzulu nipumzike. Mkutano mkuu wa kijiji utafanyika baada ya wiki sita na suala la bonde litaletwa huko. Naomba unishauri, Shangazi: je, nijiuzulu? Na kama nikibaki, sauti nitaipata wapi?

Mjumbe asiye na kauli, Morogoro


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa machozi uliyoyatoa mbele ya watu, na pole zaidi kwa neno lako lililochukuliwa mchana kweupe likaandikwa kwa jina la mwingine. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekuona umeketi pale kwenye benchi na maneno yako yamekukwama kifuani, kwa sababu nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii vijijini kwa miaka 27 na nimewaona wanawake wengi, wenye akili na wenye uchungu wa kweli na kijiji chao, wakiwa wameketi vivyo hivyo.

Nianze na swali la kujiuzulu, kwa kuwa ndilo lenye haraka. Usijiuzulu. Wanawake waliokusindikiza kwa vigelegele hawakukuchagua kwa ufasaha wa hotuba, maana hotuba hujawahi kuwapa. Walikuchagua kwa sababu wanakujua kwa namna nyingine, na namna hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze, kwani umeitaja mwenyewe katika aya ya mwisho kisha ukaipita haraka kana kwamba si kitu.

Unasema kwamba kwenye kikundi cha hisa hujawahi kukosa neno. Hebu tuketi hapo kidogo. Mnapokutana mnakaa duara, sanduku lipo katikati, kufuli zake tatu zinafunguliwa na wenye funguo watatu, na kila mwanachama anaitwa kwa namba yake kununua hisa mbele ya macho ya wenzake. Ikifika zamu ya mama aliyechelewesha marejesho, wewe mwenyekiti unasema neno na neno lako linakubaliwa. Kwa nini linakubaliwa? Nina hakika kwamba kabla ya siku hiyo ulikwisha kupita nyumbani kwake. Ulipiga hodi, ukakaribishwa kigoda, ukamuuliza habari, naye akakueleza kwamba fedha ya marejesho aliipeleka hospitali mtoto alipougua. Unapofungua kinywa siku ya kikundi husemi kwa niaba yako peke yako. Unasema ukiwa umeyabeba ya yule mama na ya wanachama wanaoidai fedha yao, na wote waliomo katika duara wanajua kwamba umewasikiliza. Hilo ndilo linalolipa neno lako uzito. Wala hakuna aliyekufundisha kupaza sauti.

Sasa linganisha na halmashauri. Huko unakwenda na maneno uliyoyapanga usiku peke yako, ukayarudia jikoni peke yako, ukasimama peke yako ukayasema mbele ya watu ambao hawajawahi kuyasikia. Hata mtu mwenye kifua kipana angetetemeka. Lugha yetu inalijua jambo hili vizuri kuliko mafunzo ya kulipia. Hatusemi kwamba mtu mwenye nguvu katika jamii ana sauti kubwa. Tunasema ana kauli, na yuko mpiga kelele wa kijiji ambaye kila mtu anakubali kwamba hana kauli. Vilevile watu wanaopatana tunasema wanasikilizana. Hatukusema kwamba wanasemeshana. Wazee waliotuachia maneno haya walikuwa wameona kwamba mapatano huanzia sikioni.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hujaliangalia kwa karibu. Mambo mengi ya kijiji hayaamuliwi kikaoni. Yanaamuliwa jioni kwenye benchi la dukani, kwenye bao, kwenye kahawa, njiani wakati wa kurudi kutoka msikitini au kanisani, pale wanaume wanapokaa saa mbili nzima wakilizungusha jambo moja hadi kila mmoja akajua mwenzake anaelekea wapi. Saa hizo wewe unapika, unaogesha watoto, unachota maji ya kesho. Linapofika kikaoni, suala la bonde kwao ni la mara ya tano au ya sita, na kikao kinakuja kuligongea muhuri. Wewe unalileta neno lako likiwa bichi, na watu husita mbele ya neno wasilolizoea, hata likiwa la kweli. Ndiyo maana neno lile lile, lilipotamkwa mara ya pili na mtu wa lile benchi la jioni, lilionekana jipya na la busara.

Ninalisema hili si kwa kumtetea mwenyekiti. Kukukatiza sentensi alikosea, na aliyeyadharau machozi yako alikosea zaidi, maana ardhi inayolisha watoto ni jambo la kuliliwa. Lakini ninakupenda kiasi cha kukuambia kwamba tukingoja wajirekebishe wao kwanza, bonde litakuwa limekwenda. Una wiki sita. Zitumie kuzungumza na watu, na hotuba uiache.

Wiki mbili za kwanza zitumie kusikiliza tu. Chukua daftari la kurasa mia, nenda bondeni asubuhi watu wakiwa kwenye matuta yao, nenda bombani, nenda kwenye mashine ya kusaga, kisha uwaulize. Na hapa naomba nikupe kisa changu mwenyewe, kwa sababu kuuliza nako nilikuja kukujua ukubwani. Nilipokuwa kijana kazini nilitumwa kijiji kimoja kuzungumza na wanawake kuhusu mahali pa kujenga bomba. Nilikuja na ramani, nikaitandika juu ya mkeka, nikaeleza kwa muda mrefu faida za maji safi, kisha nikauliza kama wanataka bomba. Wote wakasema ndiyo, nikaandika ripoti nikaondoka nimefurahi. Bomba lilijengwa, nami niliporudi mwaka uliofuata nilikuta wanawake wengi bado wanachota mtoni. Bibi mmoja mzee sana, aliyekuwa ameketi kizingitini akichambua mchele, hakuinua hata macho kwenye ungo wake. Aliniambia, "Mwanangu, ulituuliza kama tunataka maji. Hukutuuliza tunapita wapi." Bomba lilikuwa limewekwa upande wa pili wa njia kuu ya ng'ombe, na saa ambayo wanawake wanachota maji ndiyo saa ya makundi ya ng'ombe kupita. Wote walilijua hilo siku nilipotandika ramani. Mimi nilikuwa nimelijaza baraza kwa maneno yangu, yao yakakosa pa kukaa.

Basi usimuulize mama wa bondeni kama anakubali bonde litolewe, maana atakujibu lile analodhani unataka kulisikia. Muulize mwaka jana alivuna nini pale, aliuza wapi, fedha ile ilifanya nini. Muulize amelima tuta hilo tangu lini na nani alimwonyesha mpaka wake. Akikwisha kujibu, usikimbilie swali la pili. Nyamaza. Mwangalie, tikisa kichwa, ngoja kadiri unavyongoja chungu kianze kuchemka. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeona kwamba jibu la kwanza mtu hulitoa kwa adabu, na lile linalofuata baada ya kimya ndilo lililomweka macho usiku. Andika kwa maneno yake, usiyapambe. Na kabla hujaondoka mwombe ruhusa: "Mama, naweza kulisema hili kikaoni? Nikutaje au nisikutaje?" Ukiifuata kanuni hiyo bila kuivunja hata mara moja watu watakuamini, na ukiivunja mara moja tu utakuwa umepeleka umbea. Mstari kati ya msikilizaji na mmbea ni ruhusa hiyo.

Mwisho wa wiki hizo utakuwa na hesabu ile uliyoiomba kikaoni. Ulishauri kaya zihesabiwe, zihesabu wewe. Ukiweza kusema kwamba kaya kadhaa zinalima bondeni, kati yake kadhaa zinaongozwa na wajane, na kadhaa hazina shamba jingine lolote, hakuna atakayekuambia kaa tumekuelewa, kwa sababu utakuwa umeshika kitu ambacho kikaoni hakuna mwingine anacho.

Baada ya hapo uwaendee wale usiokubaliana nao, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa kuwa tumezoea kuzungumza na wanaotuunga mkono tukaita huko ni kushauriana. Mwendee mwenyekiti nyumbani kwake, siku ambayo si ya kikao, saa ambayo mkewe yupo, ili heshima yako na yake isiguswe na maneno ya watu. Usianze na bonde lako. Mwamkie, kaa, kisha sema neno kama hili: "Baba Mwenyekiti, nimekuja kujifunza. Hili suala la miwa wewe umelibeba kwa muda mrefu kuliko sisi. Ni kitu gani kinachokusukuma tulikubali?" Kisha sikiliza kweli, kwa nia ya kuelewa, bila kumtafutia kosa la kumkamatia. Pengine utasikia kwamba darasa ndilo linalomkosesha usingizi, kwamba watoto wa darasa la kwanza na la pili wanasoma kwa zamu na wazazi wanamlaumu yeye. Pengine utasikia kwamba anaogopa kuonekana mwenyekiti aliyefukuza maendeleo. Sasa umeijua haja iliyo nyuma ya msimamo wake. Rudia kwa maneno yako mwenyewe ulichokisikia, umuulize kama umemwelewa sawasawa, na akikubali ndipo umwambie, "Na mimi nimezunguka bondeni, naomba nikusomee niliyoyakuta." Mtu aliyesikilizwa hadi mwisho huona haya kumkatiza mwenzake njiani. Sikuahidi kwamba atabadili mawazo. Ninachokuahidi ni kwamba siku ya kikao neno lako halitakuwa geni masikioni mwake.

Mwendee pia yule mjumbe aliyelisema neno lako. Usimwite mwizi, huenda aliliona ni jema akaliokota baada ya kuona limeangushwa. Mwambie, "Kaka, nilifurahi ulivyoliunga mkono lile wazo nililolitoa la kuhesabu kaya. Nimekwisha kuhesabu. Kikao kijacho nitaeleza, naomba uniunge mkono." Umemkumbusha chanzo bila kumwaibisha, na umempa nafasi ya kuwa upande wako. Wale wanawake saba unaoketi nao, je, mmewahi kukaa pamoja hata mara moja kabla ya kikao? Kama hamjawahi, waite siku ya hisa mbaki baada ya sanduku kufungwa. Mkubaliane kwamba mmoja akikatizwa, mwingine atanyoosha mkono aseme, "Mwenyekiti, naomba mwenzangu amalizie hoja yake." Sentensi hiyo ni fupi lakini ina nguvu, kwa sababu anayeombewa na anayeomba ni watu wawili tofauti, na kikao hakiwezi kusema kwamba mtu anajipigania.

Kuna mambo ya utaratibu ambayo ni haki yako na hayahitaji ujasiri mkubwa. Acha kabisa kungoja Mengineyo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu wa halmashauri, siku kadhaa kabla ya kikao, umwombe aingize katika agenda "Taarifa ya kaya zinazolima bondeni", na umwachie karatasi yenye maandishi hayo. Muhtasari wa kikao kilichopita unaposomwa ili uthibitishwe, hapo ndipo mahali halali pa kusema kwa upole kwamba hoja fulani ilitolewa na wewe na unaomba irekebishwe. Ukishathibitishwa bila neno, umekubali ulivyo. Hata muhtasari ule uliokuumiza unaweza kuutaja kwenye Yatokanayo, ile agenda ya mambo yaliyotokana na kikao kilichopita.

Jua pia sheria iko wapi, maana woga mwingi hutokana na kudhani kwamba wenzako wana mamlaka wasiyokuwa nayo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Si mali yake. Eneo la ukubwa wa ekari 60 haliwezi kutolewa kwa uamuzi wa halmashauri peke yake bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano mkuu ni kila mkazi wa kijiji aliyefikisha umri wa miaka 18, ikiwa ni pamoja na kila mjane wa bondeni na kila kijana mwenye tuta pale. Kwa hiyo suala hili halijaisha hata kama kikao cha halmashauri kimelitikisia kichwa. Kazi yako kubwa kabla ya siku hiyo ni kuhakikisha kwamba hao uliowasikiliza wanajua tarehe, wanakuja, na wamekwisha kuzungumza wao kwa wao. Sauti itakayotoka siku hiyo si lazima iwe yako. Pengine utasimama uwasomee hesabu, kisha umwite mama mmoja aeleze tuta lake, naye akieleza kwa maneno yake hakuna mjumbe atakayesema kwamba analeta hisia, kwa sababu atakuwa anataja magunia na ada za shule.

Unaponiuliza sauti utaipata wapi, ninamkumbuka Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara ya Dar es Salaam inayobeba jina lake huenda umewahi kuipita. Alizaliwa mwaka 1926, hakuwa msomi wa vyuo, na kabla ya siasa alijulikana mjini kama mwimbaji wa kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 alipoombwa kuongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, alikwenda kwanza kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, akaketi nao, akazungumza nao, na wao wakawaita wanachama wao. Wanawake wale walikwisha kuwa na kawaida ya kukutana, kuchangishana fedha, kuzikana na kusherehekea pamoja. Yeye aliijua kawaida hiyo kwa kuwa aliishi ndani yake. Watu wanakumbuka jinsi alivyohutubia maelfu viwanjani, na ni kweli alihutubia, ila mimi kila nikimfikiria ninayaona yale mazungumzo ya kwanza, mkekani, yasiyopigwa picha na mtu yeyote. Wewe mkeka huo unao. Una wanawake 28, na umeketi nao miaka sita.

Kuhusu kutetemeka na kulia, usijilaumu. Siku ukiwa na daftari mkononi lenye maneno ya watu, macho yako yatakuwa kwenye karatasi na mikono itakuwa na kazi. Sentensi ya kwanza iwe fupi na uijue kwa moyo: "Mwenyekiti, nimezungumza na kaya za bondeni na ninaomba kuwasilisha nilichoambiwa." Ukiona machozi yanakuja, simama kimya, meza mate, kisha uendelee pale ulipoachia, hakuna sheria inayosema anayenyamaza kidogo amemaliza. Akikukatiza mtu, usipandishe sauti kushindana naye. Ishushe, useme, "Naomba nimalizie, Mwenyekiti," na umalizie kweli. Fanya mazoezi ya kusoma kwa sauti huko huko kwenye hisa, badala ya kulipia nauli na ada mjini. Sisemi kwamba mafunzo ya kuzungumza ni mabaya, lakini yatakufundisha kusimama na kutoa sauti, na upungufu wako hauko hapo.

Mume wako mpe nafasi. Amesema ukae kimya ujifunze, na ingawa mwaka mzima ni mrefu kupita kiasi, ndani ya neno lake kuna hofu ambayo bado hujaisikia. Muulize jioni moja watoto wakishalala, kwa yale yale maswali ya bondeni na kile kile kimya baada ya jibu, ni nini hasa kilichomuumiza siku ile ulipolia. Inawezekana aliona uchungu kwamba ulidhalilishwa naye hayupo. Ukimpata yeye, habari zako zitafika kwenye benchi la jioni hata wewe ukiwa jikoni.

Baba mkwe mdogo naye mwamkie kama kawaida na usibishane na methali yake. Nenda kwake na daftari, kwa sababu wazee wa umri wake wanajua ni nani aliyegawa matuta ya bondeni na kwa makubaliano gani, na kumbukumbu hiyo haimo katika ofisi yoyote. Mwombe akueleze yote tangu mwanzo, uandike mbele yake, kisha umsomee alichosema ili akisahihishe. Nimewaona wazee wa namna yake wakisimama wenyewe katika mkutano mkuu kueleza mipaka ambayo siku nyingine walisema wanawake hawapaswi kuigusa.

Niandikie baada ya mkutano. Usiniambie tu kama bonde limebaki. Niambie ulipomsomea mwenyekiti daftari lako nyumbani kwake alinyamaza kwa muda gani, na baada ya kile kimya alisema nini.

Shangazi yako